Usiiguse Tena Kompyuta ya Baba

Nyumbani kwa Baba,
Ghorofa ya pili, mlango wa kijani.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Nakusalimu kwanza, maana ndivyo tulivyolelewa, na hasira haijanisahaulisha adabu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mgongo unaokusumbua kwa kukaa kitini kutwa umepata nafuu kidogo. Kidogo tu, usije ukajisahau. Mtoto hajambo? Meno yameshatoka? Sisi huku ni wazima. Shangazi anapanda na kushuka ngazi bila fimbo na bado anagombana na jirani wa chini kuhusu kamba ya kuanikia nguo. Mimi ghala la dawa halijaniua. Baba hajambo sasa. Neno "sasa" nimeliweka kwa makusudi, na barua yote hii ni maelezo yake.

Nimeshika kalamu badala ya simu kwa sababu simu unaikata. Maneno yakianza kukuchoma unasema mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao, kwa hiyo utanisoma mpaka mwisho.

Nataka nikukumbushe mambo yalivyokuwa kabla hujaja likizo, kwa sababu wewe una tabia ya kuanzia hadithi pale ulipoingia. Baba alikuwa mkalimani wa mahakama maisha yake yote. Macho yalipomwacha hakulia mbele yetu. Alikwenda kwa yule mwalimu wa kompyuta wa kituo cha wasioona, akajifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka akaweza kuandika kwa vidole na kusikiliza kwa masikio. Mwalimu akamwekea mfumo wa kompyuta uitwao Linux, toleo la zamani, tulivu, lenye programu inayomsomea kila kilichoandikwa. Sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma akiwa ameziba pua. Lakini Baba alifanya nayo kazi. Alitafsiri mikataba, vijitabu, maelekezo ya mashine. Alikuwa mtu mwenye kazi, Profesa. Asubuhi alikuwa akinyoa ndevu kwa sababu ana kazi.

Wewe ukaja na masanduku yako. Siku ya pili tu ukakaa mbele ya kompyuta ile, ukacheka. Ulisema ni ya makumbusho. Ulisema mtu mwenye mtoto mhandisi wa programu hawezi kutumia toleo la kizee namna ile, watu watakucheka. Sikiliza vizuri hapo: watakucheka wewe. Baba alikuuliza, nilikuwepo, nilikuwa napasi nguo za kazini: "Mwanangu, kwani imeharibika?" Ukamjibu, "Haijaharibika, Baba, imepitwa na wakati." Akakubali. Angekataaje? Wewe ndiye kitindamimba wake, uliyesoma mpaka huko uliko.

Ukafuta kila kitu. Ukaweka toleo jipya kuliko yote, lile linalobadilika kila siku kama nguo za mwanamitindo. Na kwa kuwa halikuwa na sauti tamu ya Kiswahili, ukaenda kuichukua nje. Hukuipata kwenye ghala la toleo lenyewe, ambako programu zimekaguliwa pamoja na kupimwa kama zinaelewana. Ulichukua kwenye ukurasa wa jamaa mmoja uliyekutana naye mtandaoni, asiye na jina wala anwani, ana picha ya paka tu. Ukanakili amri zake, ukaipa kompyuta ya Baba ruhusa ya kumpokea yule paka kila akibisha hodi.

Mimi ni mtunza ghala la dawa. Kwangu kuna utaratibu: dawa inatoka kiwandani, inapita kwa msambazaji tunayemjua, ina muhuri, ina tarehe ya kuisha. Akija mtu na kifuko cha vidonge mkononi anasema hivi ni vizuri kuliko vyenu, simwambii "karibu rafu hii hapa." Si kwamba kila kitu cha nje ni sumu. Ila anayekiingiza ndiye anayepaswa kukaa hapo kukiangalia. Wewe ulikiingiza, ukajiachia mlango wa kuingilia kompyuta kutoka mbali, ukapanda ndege.

Kabla ya kuondoka ukapiga video. Baba na sauti yake mpya, anatabasamu, wewe begani kwake. "Baba yangu haoni lakini anatumia mfumo ambao hata ninyi mnauogopa." Maelfu ya watu wakakupigia makofi. Hukumwambia Baba kwamba unairusha. Alidhani unamwonyesha mkeo.

Sauti ilisema vizuri kwa muda, sitakusingizia. Ilikuwa nzuri kweli, kama ya mtangazaji. Kisha toleo lako likajibadilisha, kama lilivyozoea, na ile sauti ya yule paka haikubadilika nalo, kwa sababu haikuwa ya kwake. Vikaacha kuelewana. Haikuzimika, bora ingezimika. Ilianza kumeza mwanzo wa kila mstari, kipande kidogo tu cha sauti.

Sasa wewe unayejua kila kitu, hebu fikiri katika lugha yetu mwanzo wa neno unabeba nini. Wakati huo Baba alikuwa akitafsiri kitabu cha kufundishia mafundi umeme. Kuna mstari alioandika: "Hatagusa mtu waya huu kabla umeme haujakatwa." Alipourudia kuusikiliza, mashine ikamsomea: "Atagusa mtu waya huu kabla umeme haujakatwa." Baba akatoka jasho. Alidhani ameandika maneno ya kuua watu. Akarudi, akaongeza herufi ya h. Akasikiliza. "Atagusa." Akaongeza nyingine.

Alifanya hivyo kitabu kizima, Profesa. Mzee mwenye mvi, mkalimani ambaye majaji walikuwa wakimngoja afike ndipo waanze, alikaa kwenye kiti kile akiongeza herufi juu ya herufi, mistari inaanza na hhhh na kkkk kama mtu mwenye kigugumizi. Akaipeleka kazi kwa mchapishaji akiamini ameisafisha.

Mhariri alimpigia simu. Ni mama mpole, hakumvunjia heshima. Ingekuwa afadhali angefoka. Alimwambia, "Mzee wangu, umetufanyia kazi nzuri miaka mingi. Nadhani sasa upumzike." Kitabu akapewa mtu mwingine. Baba akasema asante, akaweka simu mezani, akaniomba nimwekee chai. Hakunieleza kitu. Haya yote nimekuja kuyajua baadaye.

Nilichokiona mimi ni kwamba ameacha kunyoa. Anaongea kwa sauti kubwa mpaka Shangazi anamwuliza anamgombeza nani. Siku moja nikarudi kazini mapema, nikamkuta jikoni amesimama, kikombe amekiweka sikioni, anakigonga kwa kijiko. Anagonga, anahamishia sikio la pili, anagonga tena.

Nikamwuliza, "Baba, unafanya nini?"

Akashtuka. Akajibu, "Nadhani masikio nayo yanaondoka."

Umeelewa? Mtu ambaye macho yalimwacha, alikuwa amebeba peke yake hofu kwamba na masikio yanamuaga. Hakumshuku yule aliyemharibia, kwa sababu ulimwambia ule ni mfumo bora duniani, naye aliamini neno lako kuliko kichwa chake mwenyewe. Nilitoka nikaenda kusimama kwenye ngazi, nikalia, nikarudi.

Nikampeleka kwa mpima masikio. Dada yule alimfungia kwenye kichumba, akampigia vimlio vya kila aina, akatoka anacheka: "Mzee, masikio haya ni ya kijana." Nilitaka kumkumbatia. Baba hakufurahi hata kidogo. Ndani ya teksi akasema polepole, "Kama masikio ni mazima, basi ni akili." Ndipo nilipoikumbuka ile sauti yako ya kuokota, nikaanza kukuchukia, mdogo wangu. Nakuandikia wazi ili usije ukaambiwa na mtu mwingine.

Tulipofika nyumbani nikavaa hedifoni zake mwenyewe. Nikaandika "hapana." Mashine ikasema "apana." Nikaandika "habari." "Abari." Nikamwita Baba, nikamvika sikio moja mimi nikabaki na jingine, nikaandika tena, nikamwambia, "Herufi h ipo, naiona kwa macho yangu. Isikilize." Akasikiliza. Akaniomba nirudie. Nikarudia mpaka akashika meza kwa mikono yote miwili, akasema, "Kumbe si mimi." Alilirudia neno hilo mara nyingi.

Nikakupigia. Simu nikaiweka spika, hilo hukulijua, sasa lijue. Nilikueleza yote. Neno lako la kwanza lilikuwa, "Mzee atakuwa amebonyeza kitu." Baba alikuwa umbali wa mkono kutoka kwenye simu. Nikakwambia hajabonyeza chochote. Ukasema, "Wazee ndivyo walivyo, hawakumbuki walichobonyeza." Kisha ukasema ungerekebisha palepale. Ukaingia kutoka huko uliko, kishale kikakimbiakimbia kwenye skrini, maandishi yakamiminika, na baada ya hapo kompyuta ikawa bubu kabisa. Haikuweza kusema hata hiyo "apana." Ukasema, "Aa, imegongana na kile kifurushi cha nje. Nina mkutano, nitaiangalia kesho."

Kesho yako haijafika mpaka leo. Lakini siku iliyofuata ulijibu maoni ya watu kwenye ile video, ukamshauri mtu mwingine naye amwekee bibi yake.

Basi nikaacha kukungoja. Nilimpigia mwalimu wa kompyuta wa Baba, akanipa swali moja ambalo wewe na vyeti vyako hukuliuliza: baba yako anataka kufanya nini nayo? Nikaenda kumwuliza mwenyewe. Alijibu bila kusita. Anataka iseme herufi zote. Anataka ya leo iwe kama ya jana. Na anataka ikiharibika aweze kuiweka upya yeye mwenyewe, bila kuomba macho ya mtu. Hayo tu. Hakutaka jina la toleo, wala rangi, wala kuwashangaza watu.

Tulitumia siku zangu za mapumziko. Nilikuwa napakua toleo, naliweka kwenye flashi, tunaiwasha kompyuta kutoka hapo bila kufuta kitu, Baba anasikiliza. Moja lilikuwa zuri kwa macho yangu, lina madirisha ya kung'aa, ila lilikaa kimya kama limenuna. Jingine liliongea baada ya kubonyezwa vitu ambavyo asiyeona havioni. Jingine sauti ilikuwepo, Kiswahili hakikuwepo, likamsomea Baba salamu kwa lafudhi ambayo Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mwisho tukafika kwenye moja la watengenezaji wahafidhina, ambao wanatoa jipya mara chache na hawaoni haya. Lilipowaka likapiga mlio mdogo. Baba akabonyeza kitufe alichoelekezwa na mwalimu, na likaanza kuongea hapohapo, kabla hata halijawekwa kwenye kompyuta.

Nikanyoosha mkono nimsaidie. Akanipiga kofi la vidole. "Ondoka. Nenda kakae na shangazi yako."

Nilikaa mlangoni, lakini sikugusa. Alisikiliza swali, akajibu. Akasikiliza, akajibu. Mahali pamoja alikosea akarudi nyuma mwenyewe, akajitukana, akaendelea. Ilipomaliza na kuwaka upya, ile sauti kavu ya zamani ikasema neno la kwanza, nami nikamwona Baba amejinyoosha kwenye kiti. Akasema, "Mbaya kama debe. Lakini haimezi kitu."

Usidhani tumekuwa watu wa kuogopa kila cha nje. Ile programu yake ya istilahi, inayomkumbusha neno fulani alilitafsiri vipi mara iliyopita, haipo katika ghala la toleo hili. Baba aliihitaji, bila hiyo hana kazi. Tukaitafuta kwa wenye kuitengeneza wenyewe, si kwa mtu wa pembeni. Tukahakiki alama yao ya uthibitisho. Tukachukua kile kifurushi kinachokaa kivyake na vitu vyake vyote ndani, kisichoingiza mkono kwenye mfumo wala kwenye sauti. Kikiharibika kinatupwa peke yake, kompyuta inaendelea kusema. Mwalimu alikaa nasi kwenye simu mpaka mwisho, na amesema yeye ndiye wa kuulizwa. Kitu kimoja tu cha nje, chenye sababu na chenye mtu. Uone kwamba inawezekana, ila inataka mtu anayejali kuliko kujisifu.

Sitaki ufikiri mambo yote yamerudi kama zamani ili upate kulala vizuri. Kitabu cha umeme kimekwenda kwa mwingine na hakitarudi. Nilitaka kumpigia mhariri nimweleze kwamba kosa lilikuwa la mashine, Baba akanikataza, alimpigia mwenyewe. Mhariri alimsikiliza, akamwambia atamtumia kurasa chache za majaribio. Majaribio, kwa mtu kama yeye. Baba amezikubali. Ameanza tena kunyoa.

Sasa ninayokutaka uyafanye. Ile video iondoe leo, usiandike chini yake maelezo ya kujisafisha, iondoe tu. Ule mlango wako wa kuingilia kompyuta kutoka huko nimehakikisha haupo tena, na neno la siri analo Baba peke yake, hata mimi silijui. Na ukija tena likizo, leta zawadi, leta mtoto, leta njaa yako, lakini kompyuta ile usiiguse. Ukitaka kuonyesha ufundi, bomba la jikoni linavuja.

Kuna jambo moja nilikuwa siwezi kuliandika, nimeinuka mara mbili kwenye kiti hiki. Nilipomwambia Baba kwamba nimeufunga ule mlango, aligeuza kiti kuelekea kompyuta. Kisha akaniambia kitu nisichokijua. Kumbe kila ulipokuwa ukiingia, hata kabla sauti haijaharibika, feni ya kompyuta ilikuwa inaanza kuvuma. Wewe ulikuwa unaingia kuweka vitu vyako, huneni neno, unatoka. Naye alikuwa anaisikia.

"Nilikuwa nikisikia feni, najua mwanangu amekuja," akasema. "Nilikuwa naacha kazi, nakaa karibu mpaka amalize."

Nilimwuliza kama anataka nikufungulie. Alifikiri, akapapasa meza mpaka akaupata mkono wangu.

"Usimfungulie," akasema. "Simu yangu iko wazi siku zote."

Nisalimie wifi yangu, yule uliyemwoa, si ule wa intaneti ambao ndio unaoishi nao. Mbusu mtoto kwa niaba ya babu yake. Shangazi anakusalimu na anasema ana lake la kukwambia, jiandae. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na riziki, na akulainishe hicho kichwa kabla sijafika kukilainisha mimi.

Ndimi dada yako, akupendaye hata leo, ingawa leo imenibidi nijikaze,

Dada Mkubwa